Gati la Nchelenge lipande na kushuka na maji

Na Salima Mwinyikai

Kila panapotajwa gati, viongozi wetu hufikiria zege. Kwa mwambao wa Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, hilo ni kosa, na ushahidi uko kwenye maji yenyewe. Mweru ni ziwa lisilo na kina kikubwa. Penye kina kirefu kabisa ni kama mita 27. Mvua zikishamiminika kupitia mito ya Luapula na Kalungwishi, maji hupanda hadi kufikia kilele mnamo Mei, kisha hupungua mpaka Januari, na tofauti hupita mita moja na nusu. Ukingo ukiwa tambarare, kimo hicho ni mwendo mrefu wa matope. Zege lililopimwa Mei litabaki nchi kavu Januari. Lililopimwa Januari litafunikwa Mei. Na ziwa halina ahadi ya kurudia kipimo cha mwaka jana: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipita rekodi ya 1964 na kumeza mialo ya Uganda na Kenya.

Meli kubwa ina namna yake ya kujisaidia. Anayeumia ni mwenye mtumbwi wa kasia na abiria wake: mjamzito anayevushwa kutoka kisiwa cha Kilwa kwenda hospitali ya misheni ya St Paul's, Kashikishi, au mama mwenye beseni la chisense, yule dagaa wa Mweru. Pasipo gati, hushukia majini, kwenye matete ambako konokono wa kichocho hupenda kukaa. Dawa yake ni gati dogo linaloelea: fremu ya mbao, na chini yake madumu ya plastiki ya lita 20 yaliyozibwa barabara. Kila dumu likizama lote hunyanyua karibu kilo 19, uzito wake ukishatolewa. Madumu 60 yatanyanyua zaidi ya kilo 1,100. Mbao zikichukua 300, watu watano na mizigo yao watasimama bila wasiwasi. Wengi watataka mapipa ya lita 200. Mimi nayakataa, kwa sababu huinua sakafu juu mno, na ukingo wa mtumbwi uko shubiri moja hivi juu ya maji. Anayeurukia kutoka juu huupindua. Tena dumu moja likitoboka, gati halitikisiki.

Wapo watakaosema dhoruba italing'oa. Litang'oka likifungwa kwa kukazwa. Likiwekwa penye ghuba, likashikwa na nguzo mbili zenye pete zinazoteleza juu na chini, na kidaraja chenye bawaba upande wa nchi kavu, litafuata wimbi badala ya kupambana nalo. Hoja ya wizi ina uzito zaidi, maana dumu zima lina soko. Yapitishwe kamba moja kwenye mishikio chini ya fremu, na ulinzi wapewe wavuvi wanaolitumia. Hao hao ndio mafundi: uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, mikono ikiwa haina kazi na maji yakiwa chini, wakati ufaao kabisa wa kusimika nguzo. Kuhusu fedha, mwaka 2022 mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la Zambia ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7. Mbao, bawaba na kamba za gati moja ni sehemu ndogo sana ya fungu hilo, na ombi lake liandikwe kabla ya Desemba.