Je, Manukato ni ya Wanawake Tu?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, niseme neno juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Siku ya wanafunzi wa zamani ilipofanywa, nilipita katika bweni nililolala zamani. Humo nilimkuta kiranja akimkemea kijana wa kidato cha pili. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa amejipaka manukato aliyopewa na dada yake, yenye harufu ya machungwa na maua. Kiranja alimwambia, "Hapa si nyumbani kwa bibi harusi. Mwanamume hanuki maua." Bweni zima likacheka. Kijana akainamisha kichwa, akaitia chupa yake ndani ya soksi na kuificha chini ya sanduku.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu, na kunyamaza huko kumenisumbua mpaka leo. Kwa maana jambo lile nililijua vizuri. Katika zamani zetu tulikuwa na mwenzetu aliyetoka Mombasa, ambaye baba yake alikuwa dereva wa malori yanayokuja huku Uganda. Naye alikuwa na chupa ndogo yenye harufu ya asumini na maua ya mdanzi. Tulimwita majina mabaya muhula mzima, na mimi ndimi niliyeyatunga mengi ya majina hayo. Mwisho alikwenda akaitupa chupa ile chooni mbele ya macho yetu. Alisema neno moja tu: "Mama ndiye aliyenipa." Hakuna aliyecheka tena, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Sasa, wadogo zangu, tuulize: Je, ni kweli kwamba harufu ya matunda na maua ni ya wanawake? Mimi nasema si kweli, nami nitatoa sababu zangu.

Kwanza, tazameni aliyeianzisha. Mtu mmoja wa Italia, jina lake Johann Maria Farina, alizaliwa mwaka 1685. Alihamia mji wa Köln katika Ujerumani, na huko akatengeneza maji ya manukato kwa mafuta ya maganda ya limau, chungwa na bergamoti, pamoja na mafuta ya maua ya mdanzi. Duka la jamaa yake lilianza mwaka 1709, na nyumba hiyo ya biashara ingali ipo. Mji ule Wafaransa huuita Cologne, na maji yale yakaitwa Eau de Cologne, yaani maji ya Cologne. Wanaume na wanawake waliyanunua sawasawa. Napoleon, mfalme wa Wafaransa na jemadari aliyetetemesha Ulaya nzima, aliyatumia kwa wingi. Nani kati yetu angethubutu kumwambia yule kwamba ananuka kama bibi harusi?

Tena, mwaka 1994, kampuni ya Calvin Klein ya Marekani ilitoa manukato yaitwayo CK One. Ndani yake mna harufu ya bergamoti, limau na asumini, na chupa ni moja tu kwa waume na wake. Watu waliyapenda mno, na wangali wanayanunua.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwanamume anayekwenda kuswali Ijumaa hujipaka mafuta mazuri, na nguo zake hufukizwa udi. Katika maulidi na arusi, wageni hunyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi, wazee na vijana, wala hakuna mzee anayeona haya. Basi yule mwenzetu wa Mombasa alikuwa akifuata adabu ya kwao. Sisi tulioona jambo moja tu katika maisha yetu ndio tuliomwita mjinga.

Pili, harufu ya namna hii yafaa sana wakati wa joto. Mafuta ya limau na machungwa ni mepesi. Hupanda upesi na kutoweka upesi, na nyuma yake hubaki harufu nyembamba ya maua. Manukato mazito hukaa mwilini kutwa nzima, na katika bweni lenye vitanda arobaini mwezi wa Februari, humziba mtu pumzi. Kwa hiyo mtu apendaye kujipaka kitu msimu wa jua, afadhali achague chepesi.

Walakini sitaki kumwonea kiranja. Yeye naye ana haki katika mambo kadhaa. Wako wanafunzi wenye pumu, na harufu kali huweza kuwaletea taabu usiku. Wako wengine ambao wazazi wao wameuza mbuzi ili walipe ada, na haifai wakae karibu na mtu anayejionyesha kwa chupa ya bei kubwa. Tena wako wavivu ambao hujimwagia manukato badala ya kuoga. Hawa najua wapo, maana nimelala nao chumba kimoja.

Kwa wavivu hawa nina neno. Jasho lenyewe likitoka halina harufu kubwa. Ni vijidudu vidogo vilivyo juu ya ngozi, hasa makwapani, ambavyo hulivunja jasho na kuleta uvundo. Manukato hayaondoi uchafu. Huchanganyika nao, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko uvundo wenyewe. Maji na sabuni kwanza, shati lililofuliwa pili, na manukato, kama yapo, mwisho.

Na kwa wale wasio na chupa, ambao husugua ndimu makwapani na shingoni, nawaonya. Katika ndimu na katika bergamoti mna vitu ambavyo, vikibaki juu ya ngozi na kupigwa na jua kali, huiunguza. Ngozi hutoka malengelenge, kisha hubaki na madoa meusi kwa majuma mengi. Watengenezaji wazuri wa manukato siku hizi huviondoa vitu hivyo katika mafuta ya bergamoti au huvipunguza, lakini ndimu ya sokoni haijaondolewa kitu. Ukijisugua nayo, nawa vizuri kabla ya kwenda uwanjani. Tena manukato mengi yametengenezwa kwa spiriti, nayo hushika moto upesi. Usijinyunyizie karibu na mshumaa wala taa ya mafuta.

Basi shauri langu kwa viranja ni hili. Msikataze manukato kwa kuwa "ni ya kike", maana hiyo si sababu bali ni kejeli iliyovishwa koti la sheria. Wekeni sheria yenye maana: mtu aoge kwanza, tone moja au mawili yatosha, asijinyunyizie ndani ya bweni bali nje, na mwenye pumu akilalamika, asikilizwe mara moja. Sheria kama hiyo kila mtu ataielewa, hata yule kijana wa kidato cha pili, naye ataifuata bila kuaibishwa.

Huenda wengine watasema kwamba nimeandika maneno mengi kwa ajili ya chupa moja. Lakini shule hukusanya vijana wa makabila mengi na nyumba nyingi, na kila mmoja huja na kitu cha kwao ndani ya sanduku: chakula, wimbo, namna ya kusalimu, au harufu. Tukimfundisha kijana kuona haya kwa kitu alichopewa na mama yake au dada yake, tumemfundisha nini? Hesabu atazisahau, lakini aibu ile haitasahau. Mimi niliyemcheka mwenzangu sijaisahau, sembuse yeye!

Najua gazeti hili huwafikia wanafunzi wa zamani hata nje ya Uganda. Ikiwa wewe, ndugu yangu wa Mombasa, unasoma ukurasa huu, utajitambua ingawa sikutaja jina lako. Nakuomba radhi. Nimechelewa miaka mingi, lakini nakuomba. Na wewe kijana wa kidato cha pili, itoe chupa yako katika soksi. Oga, jipake tone moja, kisha nenda darasani ukasome.

Mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Zamani