MENO YA MTOTO WAKO YAKO MIKONONI MWAKO



Fungua Ezekieli 18:2. Waisraeli walikuwa na msemo kuhusu baba waliokula zabibu chachu, halafu meno ya watoto wao ndiyo yakafa ganzi. Waliutumia kulalamika kwamba wanalipia dhambi za wazazi. Mungu akawakataza kuusema tena: kila mtu atajibu kwa dhambi yake mwenyewe.

Upande wa dhambi, neno limekwisha. Lakini upande wa meno yenyewe, mpendwa, hapa kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, watoto bado wanaumia kwa maamuzi ya wazazi. Mtoto wa miaka miwili hajinunulii mabuyu wala barafu ya rangi. Hajitilii sukari kwenye chupa ya maziwa anayolala nayo mdomoni. Ni sisi.

Na hatuko peke yetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 500 duniani wana meno ya utoto yaliyooza na hayajatibiwa.

Wengi husema, "Ni meno ya utoto tu, yatang'oka." Hapana. Meno hayo ni 20, na baadhi ya magego hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Ndiyo yanayomsaidia kutafuna na kutamka, na yanashikia meno ya ukubwani nafasi. Jino likioza mpaka ndani, mtoto hali, halali, na darasani hasikii mwalimu anasema nini.

Wengine wanataka nikemee. Nitamwombea mtoto wako kwa moyo wote. Lakini jino lililotoboka si pepo, wala hakuna mdudu anayelila. Bakteria za mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi huyeyusha gamba la jino. Kila mtoto anapolamba kitu kitamu, kazi hiyo inaanza upya. Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu mate hupungua. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alitembea naye katika huduma. Maombi na daktari hawagombani.

Basi fanya hivi:

✅ Jino la kwanza likichomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6, anza kupiga mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala. Baada ya mswaki wa usiku, ni maji tu.

✅ Tumia dawa ya meno yenye floraidi: chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mfundishe kutema.

✅ Mpige mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8. Mkono wake bado haujaweza.

✅ Vitu vitamu visiwe vya kutwa nzima. Akila, ale pamoja na chakula.

✅ Inua mdomo wa juu umtazame. Madoa meupe karibu na ufizi ni dalili ya kwanza, na hapo uozo bado unaweza kurudishwa nyuma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tundu likishatokea, usitie tembe wala karafuu ukangoja. Nenda hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, au vuka uende Coast General. Si kila jino hung'olewa. Mengine huzibwa, na ipo dawa ya kupaka yenye fedha na floraidi inayosimamisha uozo bila sindano, ingawa huacha doa jeusi. Muulize daktari. Uso ukivimba au homa ikipanda, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje ibada ya Jumapili.

Walimu wa Sunday School, nanyi nawaomba: mtoto akijua mstari wake, mpeni penseli au ndizi badala ya peremende. Tukiwaita watoto waje kwa Yesu, wasirudi nyumbani na maumivu.

Mzazi, mnunulie mtoto mswaki. Leo usiku, kabla ya maombi ya familia, anza.

Mtumie mzazi mwenzako ujumbe huu. Mungu awabariki na kuwalinda watoto wenu.

Mchungaji wenu 🙏