Mdomo Si Pampu

Nimechoka kusikia watu wa mtaani kwetu Kibokoni wakisema ya kwamba siki ya nyumbani haitengenezeki tena. Huyu atakwambia tende za siku hizi hazina utamu. Yule atakwambia mkono wa mwanamke fulani ni mzito, kila akitiacho kasikini huharibika. Na yuko wa tatu, ambaye hakosekani katika baraza yoyote, atainamisha kichwa na kunong'ona kuwa hiyo ni hasadi. Mimi, ndugu msomaji, sikubaliani nao hata mmoja. Makosa mengi niliyoyashuhudia kwa macho yangu hayakuwa kasikini. Yalikuwa katika ule mpira wa kuihamishia siki kutoka kasikini hadi chupani, na katika kinywa cha yule aushikaye.

Marehemu bibi yangu alikuwa akitengeneza siki ya tende kwa ajili ya achari na kachumbari za nyumba nzima. Tende alizitoa kokwa, akazivuruga katika maji yaliyochemshwa yakapoa, akazitia katika kasiki ya udongo na kuifunika mdomo kwa kitambaa cha melimeli ili hewa ipite na nzi asipite. Siku za mwanzo kasiki hutoa mapovu. Kisha hutulia, na pole pole ukali hupanda. Baada ya majuma kadhaa utakuta mashapo yamekaa chini na utando mzito wa kuteleza umeelea juu, na katikati ya hivyo viwili ndipo ilipo siki safi yenye rangi ya asali. Ukiinamisha kasiki uimimine, umevuruga juu na chini kwa pamoja. Ndipo ikaja haja ya mpira.

Mpira huu wataalamu huuita sifoni, nao si kitu cha juzi. Wayunani wa kale waliujua. Baghdad, katika karne ya 9, ndugu watatu wana wa Musa ibn Shakir waliandika Kitabu cha Hila, nao wakautumia katika vyombo vyao vingi vya maji. Al-Jazari naye, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1206 akiwa katika utumishi wa wafalme wa Diyarbakir, alibuni hata chombo cha kummiminia mfalme maji ya udhu. Nalisema hili kwa sababu wako vijana wanaodhani kila chenye hesabu ndani yake kimetoka Ulaya. Mababu wa elimu yetu waliutazama mpira huu wakaufikiria. Sisi tunaunyonya tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mpira ukijaa siki tupu bila hewa, na ncha ya nje ikawa chini kuliko uso wa siki iliyomo kasikini, basi siki ya upande wa nje huteremka kwa uzito wake, na hewa inayoukandamiza uso wa kasiki huisukuma nyingine ipande ishike nafasi. Basi. Hapana uchawi hapo.

Kwa hivyo mpira ukikataa kufanya kazi, tazama kwanza kimo. Nimeona kasiki imewekwa sakafuni na chupa kando yake, na mtu mzima amechutama anashangaa. Kasiki na iwe juu ya meza, chupa iwe chini. Tofauti ya kimo ndiyo nguvu yenyewe, na kadiri kasiki inavyopungua ndivyo mwendo utakavyopungua, usibabaike.

Ukianza vizuri kisha ukakatika, mshitakiwa ni hewa. Pengine ncha ya ndani imechomoza juu ya siki. Pengine mpira una ufa: uzamishe katika beseni la maji, ziba ncha moja na ubinye, palipotoboka patatoa mapovu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyomtesa dada yangu mwaka mzima. Siki iliyo changa ingali inatoa gesi. Vipovu vidogo vidogo hupanda ndani ya mpira, vikajikusanya pale juu unapopinda, vikawa kama kizibo, na mwendo ukafa. Dada yangu alinunua mipira mitatu akiilaani yote. Mipira haikuwa na kosa lolote. Siki ilikuwa haijawa tayari, nayo ilikuwa ikimwambia hivyo kwa lugha yake.

Ikitiririka kwa kusuasua, tafuta mahali mpira ulipojikunja, au kipande cha utando kilichonasa ndani. Ufunge mpira kwenye ufito msafi, ncha yake ikae vidole vinne juu ya mashapo, wala haitakuwa na haja ya kuishikilia kwa mkono unaotetemeka. Na ikiwa siki yatoka na mavumbi ilhali ncha iko juu, jiulize kasiki ilipandishwa mezani lini. Yafaa ipandishwe tangu jana yake, itulie usiku kucha.

Sasa nifike kwenye kinywa.

Tumerithi desturi ya kuuanzisha mpira kwa kunyonya. Tazama ubaya wake katika siki peke yake. Kati ya utamu wa tende na ukali wa siki kuna daraja ambayo kilichomo kasikini ni kileo, na hakinyweki. Vitabu vya fiqhi ya Shafii vimelieleza jambo hili: kikigeuka chenyewe kikawa siki, pasi na kutiwa kitu cha kukigeuza, kimekuwa halali na tohara. Lakini anyonyaye mpira katika kasiki asiyojua imefika wapi, amejuaje alichokimeza? Mtu mwenye kujichunga hata na tone la mkojo wa paka kwenye kanzu yake, mbona hapa anafumba macho? Tena kuna mate. Sijapata kumwona mwenye nyumba akimwambia mgeni wake, karibu achari, imepita kinywani mwangu.

Hayo yote ningeyasema kwa mzaha lau si mpwa wangu.

Mwaka ule tulikuwa na harusi, na siki ya achari ilikuwa tayari. Tulipoionja, kasiki nzima na chupa zote zilinuka petroli. Tukauliza, tukachunguza, ikabainika kwamba kijana, umri wake miaka 15, alikuwa akiuchukua mpira uliotundikwa nyuma ya mlango wa jiko, akaenda nao pwani kuhamisha petroli kutoka dumu la lita 20 hadi tangi la mashine ya mashua, kisha akausuuza kwa maji na kuurudisha msumarini. Mpira hunywa mafuta, hausafiki. Nilimgombeza mbele ya watu. Nilimgombeza kwa ajili ya siki, kwa ajili ya achari, kwa ajili ya aibu ya harusi. Hata sikumuuliza mafuta yale alikuwa akiyavuta kwa nini. Nilijua. Nami nilivuta hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake, na baba yangu kabla yangu. Kesho yake nikamnunulia mpira wake mwenyewe.

Mwezi haukwisha, wakaja kuniita. Petroli ilikuja kwa kasi kuliko alivyotazamia, akapaliwa. Tulifanya yale ambayo kila mtu hufanya: tukampa maziwa, tukamtia kidole kooni atapike. Daktari alitukemea sana. Alisema petroli na mafuta ya taa hatari yake kubwa si tumboni, ni mapafuni, na kumtapisha mtu ni kuyapitisha tena pale pale penye njia ya pumzi. Asitapishwe, apelekwe hospitali upesi, hata kama anakohoa kidogo tu na kusema amepoa. Usiku nne nilikaa kando ya kitanda chake nikisikiliza kifua kikikoroma, nikaufikiria ule mpira nilioulipia kwa fedha zangu.

Wako watakaosema tumenyonya miaka yote na hatukufa. Ni kweli, walio baraza hawakufa. Wasio baraza hawawezi kutujibu.

Wala njia ya kuliepuka si ngumu. Kwa siki, jaza mpira maji yaliyochemshwa yakapoa, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, tumbukiza moja kasikini, teremsha ya pili hadi chini, achia. Maji yatatoka kwanza, yapokee kikombeni uyamwage, kisha ndipo ulete chupa. Kwa maji ya pipa, uzamishe mpira wote ndani hadi ujae, ziba ncha moja, uitoe nje na kuiteremsha. Kwa petroli usitie maji kamwe, mashine itakufia baharini. Huko nunua mpira wenye pampu ndogo ya kubinya kwa mkono, hata wauzaji wa vifaa vya magari wanazo.

Siku hizi nyumbani kwetu mpira wa siki umefungwa utepe mwekundu, na hautoki jikoni. Wa petroli unakaa mashuani na pampu yake. Jumapili iliyopita nilimkuta mpwa wangu ufukoni akimwonyesha nahodha mmoja, mzee wa makamo ya babu yake, namna ya kuibinya. Mzee akacheka, akamwambia hayo ni mambo ya kivivu. Kijana hakubishana naye. Aliushika tu ule mpira kwa mkono mmoja, akaendelea kubinya hadi tangi likajaa.