ENIAC Haikujipanga Yenyewe
Hoja iliyochapishwa kwamba kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, Februari 1946, ni kazi ya wahandisi peke yao haina mashiko, kwa kuwa mashine hiyo yenye valvu, yaani taa za kioo zinazofungua na kufunga mkondo wa umeme, zipatazo 18,000, ilipozinduliwa haikuwa na uwezo wa kuhifadhi programu. Kila hesabu mpya ilidai nyaya zichomolewe na kuchomekwa upya, na swichi zipangwe moja moja. Na waliofanya hivyo ni wanawake sita, wakiwemo Betty Jennings na Betty Snyder, walioanza kujifunza mashine kwa michoro tu kabla ya kuruhusiwa kuifikia. Hesabu ya mwendo wa kombora iliyowastaajabisha wageni wa uzinduzi waliipanga wao. Hoja hiyo irekebishwe, na majina yao yaandikwe.