Subira si kulala na kelele za bomba



Mwali wetu wa hapa Unguja ameolewa Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa, njia ya kwendea Ifakara. Katika zawadi za harusi alipewa tangi kubwa la kioo la samaki wa mapambo. Sebule ikapendeza, lakini usiku bomba likawa linagugumia hata bwana hapati usingizi. Akaambiwa, "Bi harusi, vumilia." Wengine wakamshauri azime pampu akienda kulala. Kulipopambazuka, samaki watatu wanaelea.

Sisi tunasema ushauri wote huo si sawa. Pampu ikizimwa, samaki hupungukiwa hewa, na ni sisi tuliowafungia humo. Sote tumefunzwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha. Na subira si kukaa na kero ambayo dawa yake ni koki moja.

Maji hufurika juu, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, kisha pampu huyarudisha. Bomba likibeba maji na hewa pamoja, viwili hivyo hugombana, ndizo kelele zenyewe. Mwambie fundi aweke mabomba matatu. La kwanza liwe na koki ya kuzungusha, uifunge kidogo kidogo mpaka bomba lijae maji matupu na linyamaze. La pili lisiwe na koki, lipitishe maji machache yanayozidi. La tatu mdomo wake uwe juu zaidi, likae kavu kwa dharura. Tangi lenye bomba moja tu usilitie koki, wala usizibe bomba kwa kitambaa, sebule itafurika.

Ncha za chini za mabomba mawili ya kwanza zizame sentimita 2 au 3 tu, zikizidi bomba hucheua hewa. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, zima pampu mara moja mchana, uone kama tangi la chini linapokea maji yote yanayorudi.

Fundi alipomaliza, mwali alitwambia kwamba sasa anaisikia adhana ya alfajiri akiwa kitandani.

Basi makungwi, tunapomfunda mwali kuvumilia, tumfunde pia kuisikiliza nyumba yake na kusema panapoharibika. Akisema, tumwitie fundi, tusimwite mlalamishi.

Wabillahi tawfiq.