Jicho Lipitalo Juu ya Ua

Harusi tuliyohudhuria siku chache kabla ya kuandika safu hii ilikuwa ya heshima na furaha, wala isingekuwa na sababu ya kuingia gazetini lau si jambo moja lililotokea baina ya akdi ya nikahi na chakula. Wanaume walikuwa bado msikitini. Wanawake walikuwa uani, buibui zimetundikwa, nywele zimesukwa, mikono ina hina. Ua wa nyumba ile umezungushiwa ukuta wa mawe unaopita kimo cha mtu mrefu. Babu wa wenyeji wetu aliujenga kwa makusudi hayo hayo, kwamba walio ndani wawe huru katika nyumba yao.

Mara ikasikika sauti kama ya kundi la nyuki. Watoto wakashangilia na kunyoosha vidole juu. Mmoja wetu aliyekuwa pale anakiri kwamba naye alitazama juu kwanza na kuhamaki baadaye, na hilo ndilo linalotokea kwa wengi: uso unakuwa umekwisha kuinuliwa mbele ya kamera kabla ya akili kukumbuka kanga. Ndege nyuki ilielea juu ya ua kwa muda usiozidi dakika moja, ikaenda zake upande wa barabara kuupokea msafara wa bwana harusi. Usiku ule ule kipande cha picha zile kilikuwa kikizunguka katika simu za watu ambao hata hawakualikwa.

Kijana aliyeirusha si mtu muovu. Alipoitwa na wazee alieleza kwamba alikodiwa na ndugu wa bwana harusi kupiga picha za msafara, akaona si vibaya kuipitisha nyumbani ili filamu ipate mwanzo mzuri, na alidhani kwamba kutoka juu nyuso hazitambulikani. Zilitambulika. Kamera za siku hizi humtambulisha mtu kwa nguo yake, kwa mwendo wake, na mara nyingi kwa sura yake kabisa. Dhana ile yatosha kutuonyesha tofauti baina ya mtu mwenye ndege nyuki na mtu mwenye kazi ya ndege nyuki.

Tusieleweke vibaya. Baada ya tukio lile tuliwasikia watu wakisema kwamba chombo hiki hakina kheri yoyote na kingepigwa marufuku kote. Hapo hatukubaliani nao. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo nyepesi zinazorushwa kwa mkono, na vijana wa chuo hicho wakafundishwa kuzirusha. Ndege hizo huenda na kurudi juu ya shamba na mtaa kama mtu alimaye matuta, zikipiga picha zinazopandana, kisha programu ya kompyuta huziunga picha hizo kuwa ramani moja. Nyumba iliyojengwa mwaka jana huonekana, na mkondo wa maji uliozibwa huonekana. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, ndege nyuki kubwa zaidi zilinyunyiza juu ya maji kimiminika kinachotanda kama utando mwembamba na kuwazuia viluwiluwi wa mbu kupata hewa. Ni jaribio lililolenga malaria pale pale inapoanzia, katika maji yaliyosimama ambayo mtu mwenye bomba mgongoni huyafikia kwa taabu.

Huko Rwanda, tangu Oktoba 2016, damu ya kuongezewa wagonjwa imekuwa ikirushwa kutoka Muhanga hadi hospitali za vijijini, na kifurushi hushushwa kwa mwavuli bila ndege kutua. Hapa kwetu, mwaka 2018, yalifanyika majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya ziwa kwa muda wa kama dakika 40. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hana haja ya kuuliza chombo hicho kilibuniwa na nani.

Basi kinachotofautisha juu ya Cheju na juu ya ua wa harusi ni nini, ilhali chombo ni cha jamii moja? Tumezungumza na watu wanaoishi kwa kazi hii, nasi tukatarajia watusimulie habari za kurusha. La ajabu ni kwamba habari za kurusha zilichukua sehemu ndogo sana ya mazungumzo. Karibu yote waliyoyasema yalihusu yale yanayofanyika kabla chombo hakijapaa na baada ya kutua.

Kabla ya kupaa kuna kibali. Nchini Tanzania anayesajili ndege hizi na kutoa ruhusa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina sauti katika idhini. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020, zinazoweka kikomo cha futi 400 kutoka ardhini. Urefu huo, ambao ni kama mita 120, ndio unaofuatwa katika nchi nyingi, kwa sababu juu yake ndiyo njia ya ndege zenye abiria. Wako wanaoziona kanuni hizi kuwa usumbufu wa ofisini. Wakumbuke Desemba 2018, siku chache kabla ya sikukuu, ambapo taarifa za kuonekana kwa ndege nyuki karibu na uwanja wa Gatwick, Uingereza, ziliufunga uwanja huo na kuharibu safari za watu wapatao 140,000. Nasi tuna kumbi za harusi na nyumba nyingi zilizo chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua Dar es Salaam na Unguja.

Baada ya kibali huja kukitazama mahali. Mrushaji wa kweli hufika mapema, akatembea kwa miguu, akahesabu minazi, nyaya za umeme na minara. Hupanga kimo ambacho chombo kitatumia kurudi chenyewe iwapo mawasiliano na rimoti yatakatika, kwani kimo hicho kikiwa chini ya ncha ya mnara wa msikiti, chombo kitarudi kwa utiifu mkubwa na kuugonga. Huuliza upepo, maana kusi ya alasiri si sawa na utulivu wa asubuhi. Huzikagua betri, na iliyovimba huitupa hata kama bado inawaka, kisha hushusha chombo ingali imebaki robo ya chaji. Hakirushi juu ya vichwa vya watu. Pangaboi lake, dogo kama lilivyo, lina kasi ya kukata ngozi, na chombo chenye uzito wa kilo moja tu kikianguka kutoka kimo cha ghorofa kumi chaweza kumuua mtoto. Aghalabu huwa na mwenzake ambaye kazi yake ni kutazama angani na pembeni, ili yeye mwenye rimoti asizamishwe na kioo.

Haya si mambo ya hiari ya watu wenye hofu. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 2019 kiwango nambari 21384-3 kuhusu taratibu za kuendesha ndege zisizo na rubani ndani, nacho kinagusa usalama wa safari pamoja na ulinzi wa taarifa zinazokusanywa. Neno hili la taarifa ndilo lililotukaa moyoni, kwa sababu kile kijana wetu alichokosea zaidi kilitokea baada ya kutua. Chombo kilikuwa kimekwisha kufungwa mkobani. Picha zilihamishwa kwenye simu, simu ikampa binamu, binamu akaweka katika kundi la ukoo, na kundi la ukoo, kama mjuavyo, halina mlango.

Sheria haikulala katika jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Nasi Waislamu hatukuhitaji kungoja sheria hizo, kwa kuwa adabu ya kubisha hodi na kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu tumefundishwa na Surat An-Nur. Kuna aliyetuuliza kama jicho linalopita juu ya ukuta limeingia nyumbani au halijaingia. Masheikh watamjibu kwa elimu yao. Sisi tunamwomba tu aulize wale waliokuwa uani.

Liko eneo jingine ambalo huduma hii inaingia katika familia zetu, nalo halina kelele za harusi: mirathi. Siku hizi warithi wa shamba hukodi ndege nyuki, wakapata picha nzuri ya minazi yote, kisha wakaanza kukata mafungu juu ya picha hiyo kwa kalamu. Tumeliona jambo hili likifanyika sebuleni, mbele ya chai. Picha ile haisemi uongo, lakini haisemi kila kitu. Jicho la juu haliioni bikoni iliyofunikwa na matawi ya mwembe. Na kama aliyepiga picha hakuweka ardhini alama zilizopimwa kwa vyombo vya upimaji, ramani yake yaweza kusogea mita kadhaa upande wowote bila mtu kujua. Mita tatu zatosha kukitoa kisima katika fungu la dada na kukitia katika fungu la kaka. Ramani rasmi ya upimaji Tanzania Bara ni ile iliyotokana na kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa, ikaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Mpima huyo akitumia ndege nyuki, vyema, itamrahisishia kazi. Ndege nyuki bila mpima ni picha ya ukutani. Na katika sebule ile, tuseme lililo kweli, waliokuwa wakishika kalamu ni wanaume watupu, na dada zao walikuwa jikoni.

Basi mzazi anayetaka kukodi huduma hii amuulize nini huyo anayekuja na mkoba? Amuulize kibali chake, na akione kwa macho. Amuulize nani atalipa chombo kikivunja kioo cha gari la jirani, yaani kama ana bima. Amuulize atasimama wapi na chombo kitapita wapi, na mwenye nyumba amtembeze ampe mipaka: hapa barabarani ruhusa, hapa uani marufuku, hata kama chombo kinakwenda zake tu. Majirani waambiwe mapema, kwani nao wana nyua zao na hawakualika kamera. Mwisho amuulize kadi ya kumbukumbu itakuwa mkononi mwa nani baada ya kazi, nakala ngapi zitabaki kwake, kwa muda gani, na kama anakusudia kuzitumia kujitangazia biashara. Mwenye kazi yake hatakasirika kwa maswali haya. Aliyetupa maelezo mengi zaidi alisema kwamba mteja anayemuuliza hayo humpunguzia mzigo, kwa sababu wengi humwambia neno moja tu: rusha.

Na yaandikwe. Karatasi moja yatosha, yenye saini mbili. Tumeshangaa kuona kwamba ukodishaji wa viti na masufuria ya walima huandikwa hadi idadi ya vijiko, na huyu anayeondoka na sura za mama zetu mfukoni haandikiwi chochote.

Wale wenyeji wetu hawakwenda polisi. Wazee walikaa na kijana, akafuta picha mbele yao katika simu na katika kompyuta, akarudisha kadi, akaomba radhi kwa bibi harusi kupitia kwa baba yake mdogo. Mama mkubwa wa bibi harusi aliipokea radhi ile, kisha akauliza kuhusu kipande kilichokwisha kusambaa. Kijana aliinamisha kichwa. Shangazi mmoja aliyekuwa ndani ya kipande kile, aliyecheza msondo kwa furaha ya mwanawe, hajafika tena kwenye shughuli ya ukoo tangu siku ile, na mumewe hasemi mengi.

Baada ya mfungo sita kuna harusi nyingine katika nyumba ile ile, ya mdogo wa bibi harusi. Turubai la kufunika ua limekwisha kuwekewa oda. Kijana naye ameomba apewe kazi ya msafara kwa mara ya pili, na safari hii amekuja na kibali mkononi. Mama mkubwa amekisoma mstari kwa mstari, akamwambia aache nakala na kwamba jibu atalipata kutoka kwa shangazi.