HAKI HAILIPIWI MKUNGU WA NDIZI



Kumezuka kupe wapya kijijini. Mjane hakusomwa kwenye malipo ya kaya maskini. Anaambiwa eti, "Lete mkungu wa ndizi na elfu tano, nikuandikie barua, nikufuatilie Tukuyu." Analeta. Mwezi unapita: barua hakuna, pesa hakuna, ndizi zimeliwa!

Huo ni unyonyaji mtupu. Fedha za TASAF ni za walengwa, siyo sadaka ya bwana fulani. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wamsaidie asiye na uwezo bila malipo. Bila malipo, yaani hata yai usitoe!

Mwenye shida amwulize afisa maendeleo ya jamii: msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa yuko wapi? Achukue kitambulisho chake na karatasi zake zote. Asitie dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa.

Na sisi tunaojua kusoma, tunatazama tu? Kumsomea mama barua ni kazi ya dakika kumi. Anayenyamaza ndiye anayemnenepesha kupe.

Kupe tumwondoe!